Kasi Kuliko Nini?

Barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita zipatazo 66, na gari dogo huimaliza kwa muda usiofika saa mbili hata dereva akiwa mwangalifu kwenye kona za kushukia Ziwa Nyasa. Nilipokuwa kijana, safari hiyohiyo wakati wa masika haikuhesabiwa kwa saa. Lori lilikwama kwenye tope, abiria tukateremka, utingo akahangaika na mawe ya kuzuia matairi, na usiku ukatukuta hapohapo. Mwenye ndizi aligawa ndizi, mwenye blanketi akafunika watoto wa wengine.

Nayasema haya mapema kwa sababu nataka kuzungumzia kasi, na sipendi msomaji adhani kwamba nalilia maisha ya zamani. Lami ile ilipokamilika nilimshukuru Mungu, na kila ninaposhuka nayo namshukuru tena. Kabla yake tulikuwa tumepata lami ya kutoka Peramiho, karibu na Songea, hadi Mbinga, iliyojengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Barabara hizo mbili zimebadilisha maisha yetu kuliko jambo jingine lolote nililolishuhudia. Samaki aliyevuliwa usiku huko ufukweni sasa huliwa Mbinga mchana wa siku hiyohiyo. Zamani watu wa milimani tulimjua samaki wa ziwani akiwa mkavu tu.

Mimi ni wa pande zote mbili. Baba alikuwa Mmatengo wa milimani, upande wa Litembo. Mama alizaliwa Liuli, mchangani kabisa. Kati ya nyumba ya babu mzaa baba na ya babu mzaa mama kulikuwa na mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, nami nimekua nikiupanda na kuushuka, mara kwa miguu, mara juu ya magunia. Kwa hiyo tangu utotoni nilizoea kuishi na watu wa aina mbili: wanaongoja udongo na wanaongoja upepo.

Nianze na udongo. Anayepita Mbinga kwa mara ya kwanza huona milima iliyotobolewa vishimo vingi vya mraba, mstari juu ya mstari, kuanzia bondeni hadi kileleni. Hizo ndizo ngolo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kuzichunguza miaka ya 1990, wakaandika mengi ya kuzisifu. Sisi watoto tulizijua kwa migongo. Msimu wa mvua ukielekea ukingoni, yapata mwezi Machi, wanaume walifyeka majani kwa nyengo na kuyaacha yanyauke. Baadaye waliyapanga kwa mistari inayokatana, ikawa miraba mlima mzima. Halafu akina mama waliingia na majembe. Kila mraba ulichimbwa katikati, na udongo wake ukafunika majani pande zote nne. Juu ya kingo hizo palipandwa maharage, na maharage yakishavunwa shamba liliachwa mpaka mvua za mwisho wa mwaka ziliporudi, ndipo mahindi yakapandwa.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi kwa nini tusipande mahindi mara moja, tukaachana na huo mzunguko mrefu. Bibi alichimba ukingo mmoja kwa kidole akanionyesha majani yaliyokuwa yameanza kuwa meusi. "Mjukuu wangu," akasema, "chakula cha mahindi hakijaiva. Ukiyapanda leo utayalisha nini?" Yale majani yaliyofukiwa ndiyo mbolea, na kuoza kwake kunahitaji miezi. Msimu uliofuata vishimo vipya vilichimbwa mahali kingo za zamani zilipokutana, pale penye mboji nyingi, na kingo mpya zikapita mahali palipokuwa na vishimo. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye vishimo yakatulia, hayapati nguvu ya kuteremka na udongo. Mlima ambao kwingine ungekuwa mwamba mtupu baada ya kizazi kimoja umelisha Wamatengo kwa zaidi ya karne.

Siku hizi wengi wanalima matuta. Tuta ni kazi nyepesi, na ukitia mbolea ya dukani mahindi yanaota vizuri. Sitawalaumu. Wanaoisifu ngolo kwenye warsha husahau kwamba jembe limo mikononi mwa mwanamke, na kwamba mwanamke huyohuyo ana maji ya kuchota, mtoto mgongoni na kahawa ya kuchuma. Akichagua tuta, anachagua kupumua. Lakini nimeona miteremko iliyolimwa matuta ikipigwa na mvua moja kubwa, udongo mwekundu ukashuka wote mtoni. Maji ya mito yetu mingi huishia ziwani, na wavuvi wa upande wa mama huyaona yamebadilika rangi kabla mwenye shamba hajajua alichopoteza.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo sijaliacha: mtu anayeharakisha kazi, ni nini kinamsukuma? Kwa miaka mingi niliyofundisha shule za huku nimeona kwamba ni nadra pupa kuanzia kwa mwenye nayo. Ukiifuata nyuma hatua kwa hatua, utamkuta mtu mwingine aliyechelewesha jambo, au aliyeweka deni lisilosubiri.

Kahawa ndiyo iliyonifundisha hilo vizuri zaidi. Ilianza kupandwa milimani kwetu miaka ya 1920, na nyumba nyingi za bati unazoziona Mbinga zimejengwa nayo. Karo yangu ilitoka humo. Kahawa ya arabika ina haraka yake na ina subira yake, na kazi yote ya mkulima ni kutozichanganya hizo mbili. Tunda huchumwa likiwa jekundu, si la kijani wala la njano, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara nyingi katika msimu. Likishachumwa, subira inakwisha papo hapo: limenywe siku hiyohiyo, maana likilala ndani ya gunia linachacha na ladha inaharibika. Likishamenywa, subira inarudi. Kahawa huvundikwa ili ule utelezi uachie, na milimani kwetu kwenye baridi huchukua muda mrefu kuliko sehemu za joto. Huoshwa kwa maji safi, hutandazwa kwenye vichanja, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa jua la mchana linapokuwa kali na hufunikwa tena jioni. Ikianikwa kwenye jua kali mfululizo ili ikauke upesi, ganda hupasuka na punje hupoteza thamani. Baba alikuwa akichota kiganja cha kahawa kutoka kichanjani, akaisikiliza ikigongana mkononi, kisha akairudisha. Hakusema kitu. Tulijua kwamba tutaendelea kugeuza.

Sasa mfikirie mkulima mwenye ujuzi wote huo, anayejua kila hatua, halafu umwone akichuma matunda ya kijani. Nimewaona wengi. Ukidhani ni uzembe utakuwa hujaelewa neno ambalo kila mtu Mbinga analijua: magoma.

Magoma ni kuuza kahawa ingali maua, au ikiwa mbichi mtini. Mwenye fedha hupita vijijini kuanzia mwanzo wa mwaka, wakati ghala ziko tupu na shule zimefunguliwa. Hutoa pesa kidogo au gunia la mahindi, na mkulima huahidi kumlipa kahawa wakati wa mavuno, kwa kipimo ambacho mwenye fedha amekipanga. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi. Kuanzia msimu wa 2018 kahawa ilielekezwa kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa kumwokoa mkulima na walanguzi wa namna hiyo.

Baba yangu mdogo aliingia kwenye magoma mwaka ambao binti yake alichaguliwa kwenda sekondari. Nilikuwa tayari mwalimu, nikaenda kwake kumwuliza, kwa heshima kama inavyopasa, kwa nini hakusubiri malipo ya ushirika. Alinikaribisha kiti, akanitilia uji, kisha akanijibu taratibu.

"Mwanangu, kahawa ya mwaka jana niliipeleka. Ilipimwa, nikapewa stakabadhi. Mpaka leo sijamaliza kulipwa."

"Lakini baba mdogo, huyu atakuchukulia nusu ya jasho lako."

"Najua. Ila ada haiivi pamoja na kahawa."

Sikuwa na jibu. Nilichangia nilichoweza, lakini deni la magoma lilikuwa limeshakubaliwa. Mavuno yalipofika, mwenye fedha alisimama shambani akitaka mzigo wake kabla wadai wengine hawajamtangulia. Baba mdogo, ambaye alikuwa miongoni mwa wakulima makini kuliko wote niliowafahamu, alichuma nyekundu na kijani pamoja, akaianika chini kwenye turubai. Kahawa ile ilikuwa na haraka ambayo si yake. Haraka hiyo ilianzia kwenye meza ya ofisi ambako stakabadhi zake zilikaa bila kulipwa, ikapita mfukoni mwa mlanguzi, ikafika mtini. Mlolongo huo ndio ninaotamani watu wauone kila wanaposikia kwamba ubora wa kahawa ya mkulima mdogo umeshuka.

Kuna kasi nyingine ambayo mlanguzi anayo na mkulima hana, nayo ni kasi ya habari. Yeye anajua kahawa imeuzwaje mnadani kabla hajavaa viatu. Jambo hilo si geni pwani yetu. Liuli, nyumbani kwa mama, ndipo Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, kwa kulifananisha na sfinksi lile jiwe kubwa la Pomonda linalosimama majini. Agosti 1914 meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ikifanyiwa matengenezo. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa wamekwisha kupata habari kwamba vita imeanza Ulaya. Tarehe 13 mwezi huo meli yao, Gwendolen, ilitokea Liuli na kuipiga ile ya Wajerumani, iliyokuwa haiwezi hata kuelea. Nahodha wa Kijerumani alikuwa akifahamiana vizuri na mwenzake wa Kiingereza, naye hakuwa na habari ya vita yoyote. Meli hizo hazikushindana mbio hata kidogo. Aliyeshinda ni yule ambaye ujumbe ulimfikia kwanza. Mkulima anayeambiwa bei na mnunuzi wake mwenyewe yuko kwenye hali ya nahodha yule.

Huko Liuli mjomba wangu alikuwa mvuvi. Alivua usipa usiku kwa taa, pamoja na mbasa wakati wake ulipofika. Watu wa ziwani hawana saa za kazi ambazo mtu wa ofisini angezielewa. Mwera ukivuma, ule upepo mkali wa kusini unaotawala miezi ya baridi, mawimbi huinuka na mitumbwi hubaki mchangani, hata siku kadhaa mfululizo. Mgeni akiwaona wanaume wameketi chini ya mwembe wakishona nyavu huwaita wavivu. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700 mahali penye kina kirefu zaidi. Anayeketi chini ya mwembe ana sababu.

Siku moja alikuja mfanyabiashara akiwa na injini ya mashua, akitaka kumkopesha mjomba. Nilikuwapo, nimekuja likizo. Aliisifu kwamba ina kasi sana.

"Kasi kuliko nini?" mjomba akamwuliza.

"Kuliko kasia, mzee wangu! Utafika kwenye samaki wenzako wakiwa bado wanafungua kamba."

"Na mwera ukivuma, deni lako litakaa nami hapa mchangani?"

Yule bwana alicheka, akasema malipo ni kila mwisho wa mwezi. Mjomba akamshukuru kwa adabu na kumsindikiza mpaka njiani. Baadaye aliniambia kwamba injini haina ubaya, na angekuwa na fedha zake mkononi angeinunua siku hiyo. Alichokataa ni kuingia ziwani siku ambayo moyo wake umemwambia asiingie, kwa sababu tu mwezi unaisha. Aliweka akiba miaka kadhaa, akanunua injini kwa pesa taslimu, na mwera ulipovuma iliendelea kukaa mchangani pamoja naye. Alikufa mzee, kitandani kwake.

Nimeahidi kwamba sitalilia ya zamani, kwa hiyo ni lazima nimtaje mama mdogo. Aliolewa kijiji kimoja cha kwenye miteremko, kati ya mlima na ziwa. Uchungu wa mtoto wake wa mwisho ulimshika mwezi wa Aprili, mvua hazikatiki. Mkunga alitambua mapema kwamba mtoto amekaa vibaya. Gari lilitafutwa likapatikana, likakwama kabla ya kufika kijijini. Wanaume wakamweka kwenye machela wakaanza kupanda naye, wakipokezana mabegani, miguu ikiteleza. Walikwenda kwa nguvu zao zote. Alifariki njiani pamoja na mtoto, na waliombeba waligeuka wakarudi naye kwa ajili ya maziko. Sikiliza mtu akisifu utulivu wa vijijini, na uzuri wa maisha yasiyo na haraka, halafu umkumbuke mama yule. Kuna mambo ambamo kila dakika iliyookolewa ni uhai. Leo gari la wagonjwa likitoka kijiji kile linapanda kwa lami, na wajukuu wa waliobeba machela huzaa hospitalini.

Lami hiyohiyo imeleta bodaboda, nayo imeleta wodi za mifupa zilizojaa vijana. Wazee wenzangu huwaita wahuni. Mimi niliwafundisha baadhi yao kusoma, najua si wahuni. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kuna tajiri, na kuna hesabu ya kila siku ambayo lazima ifike mkononi mwake jioni, abiria wapatikane wasipatikane. Kijana aliyekosa abiria mpaka alasiri huanza kufukuza muda, na muda anaufukuzia kwenye kona za kushuka ziwani ambako hata dereva wa basi huomba Mungu. Polisi wanaweza kusimama barabarani mwaka mzima. Hesabu ikibaki kuwa ya kila siku, mwendo hautabadilika. Wapo matajiri wachache niliowasikia wakikubali hesabu ya wiki, yenye nafasi ya siku mbaya. Nawaomba wengine waige.

Ukichunguza yote haya utaona kwamba watu wa wilaya za Mbinga na Nyasa hatukosi akili ya mwendo. Bibi alijua majani yanaoza kwa muda gani, baba alijua kahawa inakauka lini, mjomba alijua ziwa linaruhusu lini. Hao wote walikuwa wepesi pia pale palipohitaji wepesi. Hakuna aliyelaza kahawa mbivu kwenye gunia. Kinachotuharibia ni pale mtu aliye mbali na udongo anapochelewesha kilicho chake kuharakisha, halafu gharama ya kuchelewa kwake ikamwangukia aliye shambani.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea viongozi wa vyama vya msingi, wale wa vyama vikuu, na maofisa wa ushirika wa wilaya zetu mbili. Mmejengewa barabara, mna simu, mna benki Mbinga mjini. Mkulima akipima kahawa yake, malipo ya awali yamfikie kabla wiki haijaisha, na bei ya mnada ibandikwe ukutani mwa chama siku ileile inapojulikana. Salio lake limalizwe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mkifanya hivyo, mlanguzi wa magoma akipita Februari atakuta milango ambayo haina shida naye.